Maji ya Goti

Tangu ajue kushika kisu, Kasyoki alikuwa ametenganisha magoti ya ng'ombe na mbuzi bila kupepesa macho, na wateja wake wa Kangemi walikiri kwamba hakuna mwenye bucha mwingine anayejua kiungo kinaachana wapi kama yeye. Lakini mchana ule, katika kliniki ya watoto huko Hurlingham, alipoambiwa ashike mguu wa bintiye ili daktari adunge goti kwa sindano, mikono ilimtetemeka hata nesi akamwomba asimame kando. Mguu ukashikwa na Mbithe, mkewe. Mbithe hakutetemeka. Aliuma midomo, akamkazia mtoto macho, akamwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani mpaka sindano ikatoka.

Mtoto mwenyewe alikuwa Nthenya, hajafikisha hata miaka miwili. Alikuwa amejua kutembea juzi tu, tena kutembea kwa fujo, kwa kuvuta vitambaa vya meza na kukimbiza kuku wa jirani. Kisha akashikwa na mafua, mafua ya kawaida yale ya watoto wote wa ploti yao ya kupanga, na yalipoisha akaketi chini akakataa kuinuka. Ukimsimamisha, analia na kukunja mguu wa kushoto. Goti likavimba, likawa la moto. Ndiyo maana wazazi wake walikuwa hapa, mahali ambapo askari wa mlangoni alikuwa amewauliza mara mbili kama kweli ndipo walipotaka kuja.

Daktari Nyokabi, bingwa wa mifupa ya watoto, aliinua bomba la sindano kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na majimaji yenye ukungu, kama maji yaliyooshea mchele. Aliyaangalia kwa muda, kisha akaeleza bila kuzungukazunguka. Goti kama hili huwa na sababu mbili. Ama bakteria wameingia ndani ya kiungo, ama mwili wa mtoto umejigeuka wenyewe na kuanza kulishambulia goti lake. Ukiangalia kwa macho, mambo yote mawili yanafanana. Dawa zake sasa ndizo zinazotofautiana kama mbingu na ardhi.

"Kama ni mwili unajishambulia, nitampa dawa ya kuutuliza," alisema. "Lakini nikimpa hiyo na kumbe ni bakteria, nitakuwa nimewafungulia mlango. Watakula goti mpaka mfupa, na huyu mtoto atachechemea maisha yake yote. Haya maji ndiyo yataniambia. Maabara watayaotesha waone kama kuna kitu kinakua."

Mbithe akauliza kama wanaweza kuanza na dawa za bakteria wakati wakingoja, kwa usalama tu. Daktari akasema angependelea kungoja kidogo, kwa maana homa ya Nthenya haikuwa kali, na bakteria wa goti kwa kawaida humlaza mtoto kabisa. Hilo nalo lilimtia wasiwasi Mbithe badala ya kumtuliza. Alimjua mwanawe, huyo mtoto alikuwa mgonjwa.

* * *

Kule mapokezi, msichana aitwaye Anita alitia kichupa cha yale maji ndani ya mfuko wa plastiki, akaambatanisha karatasi, akauliza kama kitapelekwa na bodaboda wao au jamaa watakipeleka wenyewe. Bodaboda ilikuwa na malipo yake kando. Kasyoki, ambaye alikuwa ameacha bucha imefungwa siku ambayo watu hununua nyama ya harambee na ya sherehe, alisema kwa haraka kwamba atakipeleka yeye. Anita akamkabidhi, akamwambia asikawie. Hilo tu ndilo aliloambiwa, na msomaji alishike, kwa sababu baadaye wengi walijifanya kusahau.

Mbithe akarudi nyumbani na mtoto, Kasyoki akaelekea Westlands iliko maabara. Magari yalikuwa yamejaa barabarani kama kawaida yao, yakipigiana honi bila kusonga. Alipofika kwenye lile jengo refu la vioo jua lilikuwa limeanza kulegea. Ndani ya lifti ndipo alipogundua kwamba chini ya jaketi bado alikuwa amevaa koti jeupe la bucha, kwa maana simu ya Mbithe ilimkuta akikata mbavu. Mama mmoja aliyevaa suti aliliona lile koti na madoa yake ya damu, akaona na kichupa mkononi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, daktari. Mmekuwa na siku ngumu."

Kasyoki akasema asante.

Heshima yake ya udaktari iliishia mlangoni pa maabara. Msichana wa dirishani, Cate, alikunja pua kabla hajafungua mdomo. Alisema vipimo vya kuotesha hupokewa mwisho alasiri, na saa hizo zimepita, kwa hivyo arudi kesho asubuhi. Kasyoki akauliza kama anaweza kukiacha tu pale mpaka kesho. Cate akasema hawezi kupokea kitu ambacho hakijaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ilikwisha fungwa. Akamwomba kwa upole asiegemee kioo, kimepanguswa sasa hivi.

Basi mtu afanye nini? Fikiria wewe ni Kasyoki. Maisha yako yote umefunzwa jambo moja kuhusu vitu vinavyotoka ndani ya mwili: kikilala nje, asubuhi kimeharibika. Umepoteza mbuzi wazima kwa kukatika kwa umeme. Afisa wa afya akija Kangemi na uso wa ndimu, akifika kwako huangalia friji, akatabasamu, akaenda zake. Kasyoki alifika bucha, akaosha mikono hadi viwikoni, akahamisha maini na figo kwenye tabaka la chini, akapangusa tabaka la juu kwa kitambaa kipya, akakilaza kile kichupa peke yake juu ya karatasi safi. Akapima baridi kwa kiganja. Ilikuwa nzuri.

Mbithe alipopiga simu kuuliza kama amefikisha, alimwambia kitu kiko salama. Na asubuhi, kabla hata maabara haijafunguliwa, alikuwa mlangoni, kichupa kimefungwa ndani ya kitambaa chenye barafu. Cate alikipokea, akaandika, akapiga muhuri. Kasyoki akarudi Kangemi akiona amefanya kazi ya mwanamume.

* * *

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Nthenya alikataa uji, akakataa maziwa, akakubali titi tu. Homa ilipanda jioni na kushuka asubuhi, kila siku ikizidi kidogo ile ya jana. Ephantus, mwenye nyumba wao, mzee mcheshi aliyenunua maini kwa Kasyoki kila jioni, alishauri supu ya mifupa. Jirani mwingine akashauri mafuta ya kondoo. Mbithe, ambaye husafisha ofisi huko Westlands, aliomba ruhusa kazini, akapewa kwa sharti la kuleta mtu wa kushika zamu yake, na huyo mtu akawa anampigia kila saa kumuuliza fagio liko wapi.

Majibu yalipotoka waliitwa Hurlingham. Daktari Nyokabi alikuwa ameyaweka mbele yake. Hakuna kilichoota. Hakuna hata bakteria mmoja.

Mbithe alishusha pumzi, kwa maana masikioni mwake hayo yalikuwa habari njema. Daktari hakushusha pumzi. Alikaa akigongagonga meza kwa kidole. Alisema basi, kwa yale anayoyaona kwenye karatasi, itabidi wauchukue ugonjwa huu kuwa ule wa mwili kujishambulia, baridi yabisi ya watoto, na waanze dawa ya kutuliza. Akaandika. Akamkabidhi Mbithe kile kikaratasi, Mbithe akakikunja akakitia kwenye mkoba. Walikuwa wamekwisha simama waende wakati daktari alipowarudisha kwa mkono.

Kuna kitu hakimkai vizuri, alisema. Yale maji yalikuwa yamejaa chembe za usaha, kisha hakuna kilichoota. Akauliza kama mtoto alikuwa amepewa dawa yoyote ya bakteria kabla ya sindano, hata kijiko kimoja, hata ya kununua kwenye duka la dawa. Mbithe akakana, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu alisikia kama anaambiwa ni mama asiyejali. Daktari akamgeukia Kasyoki. Akauliza kama kile kichupa kilifika maabara siku ile ile.

Kasyoki naye akasikia kama anaambiwa ni mvivu.

"Dirisha lilikuwa limefungwa, daktari, lakini sikukiacha kiharibike," alisema, kifua mbele. "Nilieka kwa friji ya bucha. Nilitoa maini yote juu, nikapangusa, nikaweka hiyo kitu yako peke yake. Ililala hapo usiku wote. Asubuhi nikapeleka na barafu. Hata harufu haikuwa nayo."

Daktari Nyokabi alivua miwani. Akayafumba macho, akayafumbua.

"Baba Nthenya," alisema, "wewe huweka nyama kwenye baridi kwa nini?"

"Ili wadudu wasikue."

"Mimi nilikuwa nataka wakue."

Sauti ya mtu akicheka kule mapokezi ilisikika wazi. Daktari akaeleza, na Kasyoki akatamani asieleze zaidi, kwamba bakteria wengi wa kawaida wangestahimili huo usiku, lakini wako wengine wachache, wale wa nadra wanaopenda viungo vya watoto wadogo, ambao hawavumilii baridi hata kidogo. Wakipoa, wamekufa. Na wakifa, maabara haioni kitu, na daktari anasoma karatasi tupu na kuiamini.

"Kosa hili lilianzia kwetu," akaendelea. "Tulipaswa kukuambia. Mimi mwenyewe nilipaswa kukuambia." Akanyoosha mkono kwa Mbithe. "Nirudishie hiyo karatasi ya dawa, mama. Nilikuwa karibu kufanya lile lile nililowaambia naliogopa, kuwafungulia bakteria mlango."

Maneno ya haki hayo, lakini ni nani aliyeyasikia? Mbithe alifungua mkoba polepole, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Kisha akamgeukia mumewe, akamwangalia kuanzia viatu hadi usoni kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ulieka maji ya mtoto pamoja na maini," alisema.

* * *

Nthenya alipoiona sindano ya pili alianza kulia kabla hajaguswa, kwa sababu sasa alijua. Safari hii Kasyoki alimshika yeye mwenyewe. Alimshika sawasawa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta, kwa maana mikono ilikuwa na kazi. Mbithe alisimama upande wa pili wa kitanda akiwa amekumbatia nguo za mtoto. Hakuimba.

Daktari hakuyatia yale maji kwenye kichupa cha kawaida. Aliyadunga moja kwa moja ndani ya chupa yenye mchuzi wa kulishia bakteria, ile inayotumika kuotesha damu, akasema bakteria wagumu kuota huipenda hiyo kuliko sahani za kawaida za maabara. Nthenya angelazwa papo hapo na kuanzishiwa dripu ya dawa inayoua bakteria wa kila siku. Ikiwa ni wao, dawa ingefanya kazi. Ikiwa ni wale wa nadra, dawa hiyo isingewagusa, na ni chupa hii tu ingemwambia.

Bodaboda wa kliniki alikuwa ametumwa mbali. Mbithe akasema ataipeleka yeye. Akafunga leso kiunoni, akanyoosha mkono. Lakini mtoto, aliyekuwa amemng'ang'ania shingoni, alipiga ukelele, na kila walipojaribu kumwachanisha naye alivuta mguu ule mbovu kwa uchungu hata nesi akasema hapana, huyu mama haendi popote. Mbithe alisimama akimbembeleza, akimwangalia mumewe na ile chupa. Hakuwa na mwingine wa kutuma.

"Kasyoki," alisema. Tangu Nthenya azaliwe hakuwa amemwita mumewe kwa jina; alikuwa Baba Nthenya, hata wakigombana. "Daktari ametaka ikae na joto kama la mtu. Ukipitia mahali popote, usirudi hapa."

Kasyoki alifungua shati, akaitia chupa kwapani, akaibana kwa mkono, akafunga vifungo juu yake. Anita wa mapokezi alimwangalia akitoka hivyo, bega moja juu, akainamisha kichwa kwenye simu yake. Daktari alikuwa ameahidi kupiga simu maabara.

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia kijana aliyeiendesha wapite kwa ndani, wakwepe magari. Walipofika Muthangari mvua ikaanguka, ile mvua ya alasiri isiyotoa onyo. Kijana akaegesha chini ya paa la kituo cha mafuta, akavua kofia, akasema hapa tungoje ipungue, boss, lami inateleza. Kasyoki akamsihi. Kijana akasema hawezi kuvunja shingo kwa sababu ya haraka ya mtu. Basi Kasyoki akamlipa, akavua jaketi akajifunika nalo kifuani, akaingia mvuani kwa miguu.

Alitembea, akakimbia, akatembea tena. Maji ya mtaroni yaliingia viatuni. Magari ya watu wa nyumba kubwa yalimrushia tope, wala hakugeuka. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba amelowa, na mtu aliyelowa hupoa. Kila baada ya hatua chache alipenyeza kidole kwapani kupapasa ile chupa, na kila mara hakuweza kujua kama anachosikia ni joto la chupa au ni joto la kidole chake. Akaanza kuomba, kwa Kikamba, kwa sauti, na watu waliojikinga vibarazani wakamfuata kwa macho.

Cate alikuwa dirishani. Saa ya kupokea ilikuwa imepita, tena kwa dakika chache tu, na kompyuta ilikuwa inajizima mbele ya macho yao. Kasyoki alimweleza kwamba daktari amepiga simu. Cate akasema yeye hajaambiwa. Akaongeza, akiangalia dimbwi lililokuwa likienea kwenye vigae, kwamba kuna wagonjwa wengine hapa na harufu hiyo inawasumbua. Watu waliokuwa wamekaa walijitia kusoma magazeti.

Siku nyingine Kasyoki angesema pole na kurudi nyuma. Ndivyo alivyofanya mara ya kwanza, akarudi Kangemi na adabu yake.

"Dada, mimi nanuka nyama, hiyo ni kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Ita askari kama unataka. Lakini leo siondoki na hii kitu. Mara ya kwanza uliniambia kesho, na mtoto wangu karibu apewe dawa ya kumlemaza."

Cate alinyanyua simu, na hakuna aliyejua kama anamwita askari au nani. Mlango wa ndani ukafunguliwa. Alitoka kijana mwenye glavu, Jeremy, mmoja wa wafanyakazi wa maabara, akauliza kama huyu ndiye baba wa mtoto wa goti kutoka Hurlingham. Daktari Nyokabi alikuwa kwenye laini yake kwa muda mrefu na hakutaka kukata mpaka aambiwe chupa imefika. Kasyoki akafungua vifungo mbele ya watu wote, akaitoa chupa kwapani. Mama mmoja aliangalia ukutani.

Jeremy aliipokea, akaizungusha kiganjani.

"Iko na joto," alisema.

Kasyoki alijiegemeza kwenye kile kioo kilichopanguswa. Cate hakumwambia kitu.

* * *

Dawa ya kila siku haikufanya kazi. Nthenya alilala na dripu mkononi, midomo imekauka, goti limejaa kama boga, na homa ikawa sasa haishuki hata asubuhi. Daktari alipita kutwa mara kadhaa. Alisema akiona hakuna nafuu ifikapo Ijumaa itabidi wampeleke chumba cha upasuaji, wafungue goti walioshe. Mbithe alisikiliza yote hayo akiwa ameketi upande mmoja wa kitanda, na Kasyoki upande wa pili. Walizungumza kupitia kwa mtoto. Mwambie baba yako alete nepi. Mwambie mama ale kitu.

Halafu kukawa na mambo ya Kangemi. Mbithe alikuwa amemlilia dada yake Rael kwenye simu, Rael akamweleza msusi wake, na habari ikifika kwa msusi imefika kwa wote. Ilipofika sokoni haikuwa tena maji ya goti yaliyolala usiku mmoja juu ya karatasi safi. Ilikuwa usaha wa watu, ndoo kwa ndoo, ndani ya friji ya bucha. Wateja wakaanza kupita wakitazama upande wa pili wa barabara. Mwanamke mmoja alishika kipande cha nyama, akauliza kilikuwa kimelala na nani, wenzake wakaangua kicheko, akakirudisha.

Ephantus alikuja jioni kama desturi, akasimama kaunta, akasema madaktari wamemkataza maini. Kasyoki akamwambia pole mzee, afya kwanza. Baada ya muda mfupi akamwona akitoka bucha ya jirani na furushi la gazeti lililolowa damu, akitembea karibu na ukuta. Hilo lilimuuma Kasyoki kuliko vicheko vyote. Alitoa kila kitu frijini, akaisugua kwa sabuni na dawa ya kuondoa madoa mbele ya macho ya watu, mlango wazi. Hakuna aliyesimama kutazama. Akafunga bucha, akaenda kukaa na mtoto wake.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hakuna aliyelala. Asubuhi nesi aliingia, akasema Nthenya asipewe kitu kinywani, wala titi. Mtoto akalilia titi, Mbithe akajifunga leso kifuani akageuka ukutani. Walikuwa katika hali hiyo Daktari Nyokabi alipoingia karibu anakimbia, simu bado sikioni.

"Imeota," alisema. "Chupa ya pili imeota."

Jina la bakteria huyo ni Kingella, akawaambia, na wengi hata wakiwa madaktari hawamfikirii. Hukaa kooni mwa watoto wadogo bila kuwadhuru, wakiambukizana kwa mate na vikombe. Mara chache sana, mtoto akipata mafua na koo likichubuka, huingia kwenye damu akatafuta kiungo cha kujificha. Ile dawa waliyokuwa wakimpa haimwambii kitu. Lakini ipo dawa nyingine, ya kawaida tu, hospitali yoyote inayo, na hiyo humuua vizuri. Alikuwa amekwisha agiza ibadilishwe. Upasuaji usubiri.

Mbithe aliinama akaficha uso kwenye godoro. Kasyoki alisimama kama aliyepigwa rungu. Kisha akauliza lile swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya friji.

"Daktari. Hizo siku tulipoteza kwa sababu yangu. Zimekula goti?"

Daktari Nyokabi angeweza kudanganya, na Kasyoki angemshukuru. "Sijui," alisema. "Pengine hapana. Pengine kidogo. Kwa mtoto wa umri huu picha haionyeshi vizuri. Tutajua siku atakapotembea."

* * *

Homa ilishuka kesho yake, ikakaa chini. Uvimbe ukaanza kupungua, ngozi ya goti ikarudisha mikunjo yake midogo ya kitoto. Nthenya akala ndizi, akamtemea nesi dawa, akavuta mpira wa dripu ukachomoka, na wadi nzima ikajua kwamba mtoto wa Mama Nthenya amerudia utundu wake. Mguu ndio hakuna aliyeugusa. Alikaa kitandani siku baada ya siku, na kila aliposogea Kasyoki alitazama lile goti, akatazama kando.

Asubuhi ya kuruhusiwa, nesi alisema haya, mteremsheni sakafuni tuone. Mbithe akamshusha. Nthenya alisimama akiwa ameshika chuma cha kitanda, mguu wa kushoto umekunjwa kama zamani, akiwaangalia wote kwa mashaka. Kasyoki alirudi nyuma hadi dirishani. Mtu ambaye alikuwa ametembea kwenye mvua yote ile hakuweza sasa kusogea hatua moja.

Mtoto aliugusisha mguu chini. Akaukanyagia kidogo, akangoja uchungu, uchungu haukuja. Akaachilia chuma, akashika kidole cha mamake, akaenda. Alikwenda polepole, kwa kuinamia kulia, mguu wa kushoto ukichelewa nyuma ya mwenzake na kugusa sakafu kwa ncha. Nesi akapiga makofi, akasema mara nyingi ni kukosa mazoezi tu, huisha, akatoka kuwaandikia tarehe ya kurudi.

"Anachechemea," Kasyoki alisema. "Mama Nthenya, anachechemea."

Mbithe aliendelea kutembea na mtoto mpaka mwisho wa kitanda, wakageuka, wakaanza kurudi, macho yake kwenye ule mguu unaochelewa. Alikuwa ameuona kabla yake. Walipofika katikati alisimama.

"Hata mimi ningeieka kwa friji," alisema.

Kasyoki aliinua macho kutoka kwenye lile goti.

"Ningeifunga vizuri kuliko wewe, tena ningekusema kama ungeiacha nje." Alijipangusa pua kwa nyuma ya mkono, akamtazama mumewe usoni. "Baba Nthenya, usisimame hapo. Mtoto ana mkono mwingine."

Kasyoki akaja akaushika.